Kasumba Chupani

Neno kasumba lina maana mbili. Ya kwanza ni afyuni. Ya pili ni fikra potofu zilizomganda mtu hata asizitilie shaka. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeizoea mno hiyo ya pili, hasa katika mihadhara ya fasihi na ukoloni, hata ya kwanza tumeisahau. Makala haya yanairejea, kwani historia ya biashara ya afyuni yaonyesha jinsi maana moja ilivyoizaa nyingine.

Mwaka wa 1849, mwaka ule ule Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi na kuuona Mlima Kenya, wafanyabiashara Curtis na Perkins wa jimbo la Maine, Marekani, walianza kuuza Mrs. Winslow's Soothing Syrup, shira ya kuwatuliza watoto wachanga wanaoota meno. Ndani ya chupa mlikuwa na mofini, zao la afyuni, pamoja na pombe. Nje ya chupa mofini haikutajwa. Kilichouzwa hasa ni lile neno la kutuliza, na picha ya mama aliyempakata mwanawe, iliyochapwa kwenye kalenda, vijitabu vya mapishi na kadi za rangi. Mtoto alilala kweli. Wengine hawakuamka. Mnamo 1898 kampuni ya Bayer ilifuata njia iyo hiyo: dawa yake mpya ya kikohozi, iliyotokana na mofini, iliitwa Heroin, jina lenye kudokeza ushujaa.

Sheria ya Marekani ya 1906 haikuipiga marufuku shira ile. Ililazimisha tu lebo itaje mofini, afyuni na pombe zilizomo. Kufikia 1911 chama cha madaktari wa nchi hiyo kilikuwa kikiiweka miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Zingatia, msomaji, kwamba lebo hiyo ilikuwa katika lugha ya mama aliyeishika chupa.

Sasa tuingie katika duka lolote la Mutomo au Wote. Matangazo ya dawa za maumivu yananadiwa redioni kwa Kiswahili na Kikamba, tena kwa ufasaha unaotamanisha. Kuna hata dawa iitwayo Mara Moja (haina afyuni, nisieleweke vibaya), jina ambalo ni ahadi kamili kwa maneno mawili. Lakini fungua pakiti za dawa, zikiwemo zile za kodeini na tramadoli zitolewazo na mfamasia, nazo ni za ukoo wa afyuni au jamaa yake wa maabara. Karatasi ya maonyo aghalabu ni ya Kiingereza, kwa herufi za kumchosha hata kijana. Ahadi husemwa kwa lugha ya mnunuzi. Hatari husemwa kwa lugha ya mtengenezaji.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi katika kifungu cha 7, na kifungu cha 46 kikampa mtumiaji haki ya habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa. Sioni jinsi nyanya wa Zombe anavyonufaika na onyo asiloweza kulisoma.

Wapo watakaosema kwamba maonyo ya Kiswahili yatawatisha wagonjwa. Hoja hii ina uzito kidogo, kwa sababu mofini si shetani: mgonjwa wa saratani aliye katika maumivu makali anaihitaji, na kumnyima ni ukatili. Ila huyo ndiye anayestahili zaidi kuelezwa kipimo, usingizi na kufunga choo.

Kazi iliyobaki ni yetu, wala si nyepesi. Tumezoea kuandika "uraibu" na kuridhika. Mwenye duka Mutomo huenda asilijue neno hilo, ilhali akiambiwa "ukiizoea dawa hii, utashindwa kuiacha", ataelewa papo hapo. Ni ipi kati ya hizo iandikwe kwenye pakiti? Mimi naichagua ya pili, nikijua kwamba baadhi ya wahadhiri wangu hawataipenda.