Kikombe cha plastiki kinachomeza gololi

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mgao na foleni ya maji. Tunataka kuzungumzia kitu kidogo kabisa, kinachoingia mfukoni: kile kikombe cha plastiki chenye mguu na kifuniko. Unaweka gololi ndani, unafunika, unafunua, gololi haipo! Unafunika tena, unafunua, imerudi!

Vitu hivi vinafika kambini ndani ya mabunda ya vitu vya kuchezea vya mitumba, au vinauzwa sokoni pamoja na vitana na vioo. Mtoto akikipata, kijiji kizima kinajua kabla ya jioni. Na hapo ndo maswali yanaanza. Wazazi wanauliza mawili. La kwanza: je, huku si kumfundisha mtoto uongo? La pili wanauliza kwa sauti ya chini: kwani huo si uchawi? Sisi tunaona maswali yote mawili ni ya haki, na yanastahili jibu.

SIRI YENYEWE NI HII

Kwanza tukifungue hicho kikombe. Macho yanahesabu vipande vitatu: kikombe, gololi na kifuniko. Kumbe viko vinne. Cha nne ni pete nyembamba inayokaa kati ya kikombe na kifuniko, na juu ya pete hiyo kuna nusu ya gololi, ganda tupu lenye rangi ileile ya gololi ya kweli. Ukinyanyua kifuniko peke yake kwa kukishika juu, pete inabaki chini, na watu wanaona "gololi" imetulia ndani. Ukikibana kifuniko pamoja na pete, vyote viwili vinapanda, na watu wanaona kikombe kitupu. Basi. Hakuna dawa, hakuna jini, hakuna maneno ya siri. Ni ganda na vidole.

Vikombe hivi si kitu kipya. Zamani vilichongwa kwa mti, kimoja kimoja, na aliyekuwa nacho alikuwa mtu wa kazi hiyo. Plastiki ndiyo iliyovishusha hadi kwa watoto: plastiki inayeyushwa, inasukumwa kwenye kalibu, inapoa, na vinatoka vikombe maelfu vinavyofanana kama mapacha. Huko Marekani, mmoja wa waliovifanya viini macho kuwa vitu vya mfukoni alikuwa mhamiaji kutoka Denmark, Soren Sorensen Adams. Alianzisha kampuni yake mwaka 1906 kwa kuuza unga wa kupigisha watu chafya! Baadaye kampuni ikauza vichekesho na viini macho vya kila aina.

Mtu atatununia: mbona mnatoa siri hadharani? Tuna sababu. Mwaka 1584, kule Uingereza, bwana mmoja aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Nyakati hizo watu walikuwa wananyongwa kwa kuitwa wachawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee na maskini. Scot aliona ni dhuluma. Ndani ya kitabu hicho akaeleza viini macho kimoja baada ya kingine: namna ya kupoteza sarafu na vipira, namna ya kuonekana umejichoma kisu mkononi bila kuumia, hata namna ya kuonekana umekatwa kichwa. Alitaka watu waone kuwa jambo linaweza kuonekana la ajabu na bado likawa kazi ya mikono tu. Kwa hiyo siri ikitolewa ili kumwokoa mtu, imetolewa vizuri.

JE, NI UONGO?

Wengi wetu tuliwaona watu wa mazingaombwe shuleni, tungali wadogo. Mtu anaingia na sanduku lake, kila mwanafunzi anatoa hela kidogo, halafu anatafuna wembe na kutoa karatasi ndefu kinywani. Tulipiga kelele, tukacheka, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeibiwa. Mtu yule alituambia tangu mwanzo kwamba ni mazingaombwe, nasi tulitoa hela kwa kupenda ili tudanganywe kidogo.

Tofauti iko hapo. Mchezaji wa kiini macho anasema: "Njooni niwachezee macho." Mwongo anasema: "Hii ni kweli tupu." Wote wawili wanatumia ganda la nusu gololi, lakini wa kwanza anakurudishia gololi yako, na wa pili anaondoka nayo.

Na Afrika tumewahi kuchezewa hivyo na wakubwa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe wake maarufu, Robert-Houdin. Waarabu wa huko walikuwa wanawaheshimu sana mashehe wao, na Wafaransa walitaka kuonyesha kwamba Mfaransa ana nguvu zaidi. Robert-Houdin alileta kisanduku kidogo ambacho hata mtoto angekinyanyua. Akaita mwanamume mwenye nguvu. Akanyanyua, kikanyanyuka. Halafu akamwambia: "Sasa nimekuondolea nguvu zako." Yule mtu akavuta, akavuta, kisanduku hakikutikisika. Unajua siri? Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme, na kitako cha kisanduku kilikuwa cha chuma. Umeme ukiwashwa, kisanduku kinashikwa. Ndugu zetu wale hawakuwa wajinga. Ni kwamba sumaku ya umeme walikuwa hawajaiona, na aliyekuwa nayo hakuja kucheza, alikuja kutawala.

MAGANDA YA HAPA KWETU

Sasa turudi kambini. Nani asiyewajua wale wa karata tatu, siku za soko? Karata moja ndiyo ya ushindi, anazirusha chini mbele yako, unaonyesha ilipo, unapewa pesa mara mbili. Rahisi, eti? Sikiliza: mkono mmoja unashika karata mbili, moja juu ya nyingine. Macho yako yanadhani ametupa ya chini, kumbe ametupa ya juu. Na yule kijana anayeshinda kila mara hapo pembeni ni mwenzake. Pesa ya mafuta na sabuni inakwenda hivyo, na mama anangoja nyumbani.

Kuna wa kuzalisha pesa: lete elfu kumi, kesho uchukue ishirini. Na kuna mbaya kuliko wote, anayekuja jioni na karatasi yenye mhuri: "Baba, jina lenu nimeliona kwenye orodha ya kwenda Marekani. Toa kitu kidogo nilisukume." Ndugu wasomaji, huduma za UNHCR ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Hakuna fomu ya kununua, hakuna jina la kusukumwa kwa pesa. Ile karatasi ndiyo ganda la nusu gololi. Juu inang'aa, ndani hakuna kitu.

Tazameni wote hao wanavyofanya kazi. Wanakuharakisha. Wanakuzungumzisha upande huu ili usitazame upande ule. Hawakubali ushike kitu mkononi na kukigeuza. Mtoto aliyecheza kikombe cha gololi mwezi mzima anazijua mbinu hizo tatu, maana anazitumia mwenyewe. Siku akikua na kukutana na mtu wa mhuri, atasema: "Mzee, hebu nikiangalie hicho kwa chini." Huyo hamtampata kwa urahisi.

NA UCHAWI JE?

Hapa tunaomba mtusikilize kwa utulivu. Kila mmoja ana imani yake na hatukuja kubishana nayo. Tunasema jambo moja: msimwite mtoto mchawi. Maisha ya hapa ni magumu. Ugonjwa unaingia, mtoto anafariki, ombi la safari linakwama, na mtu anatafuta wa kumlaumu. Mara nyingi analaumiwa asiye na wa kumtetea: yatima anayelelewa na shangazi, mtoto anayekojoa kitandani, bibi anayekaa peke yake. Ukiongeza na kikombe kinachomeza gololi, maneno yanaota miguu.

Kwa sisi tuliotoka Kongo, tukumbuke sheria ya nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto na kumsingizia uchawi. Na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayemsingizia mtoto. Ukisikia mtoto amefungiwa, ananyimwa chakula au anapigwa ili "akiri", usingoje kesho. Nenda kwa kiongozi wa kijiji, kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto au kwa polisi.

Na kama mwanao anacho kikombe, fanyeni hivi. Wazazi mjue siri kabla ya jirani kuona mchezo. Waiteni wazee wa karibu, muwaonyeshe ile pete kwa mikono yao. Mzee aliyelishika ganda ndiye atakayemtetea mtoto maneno yakianza. Mtoto naye kila mara aanze kwa kusema: "Hiki ni kiini macho, si dawa." Asikitumie kutisha wadogo, wala asikubali kuombwa kutafuta mwizi au kuponya mgonjwa. Na asipokee pesa ya mtu mwenye shida.

KWA WACHEZAJI WETU

Sasa ninyi vijana, kuwa na kikombe si kujua kucheza. Tumewaona wengine wanakifungua kwa papara mpaka pete inaanguka mbele ya watu, ikawa kicheko. Jifunze peke yako kwanza, mbele ya kioo, mpaka vidole vijue vyenyewe lini vibane juu na lini vibane chini. Halafu tafuta maneno. Mchezo bila maneno ni plastiki tu. Mfano ni huu, mjukuu na babu yake:

"Babu, shikamoo. Unaiona hii gololi?"

"Marahaba. Ninaiona, mjukuu wangu, sijapofuka bado."

"Basi ninaitia mfukoni, ninafunika kikombe kitupu. Babu, gololi iko wapi?"

"Si umeitia mfukoni?"

"Hebu puliza hapa. Haya, tazama! Imerudi kikombeni!"

"Ebo! Huyu mtoto!"

Babu ameona ganda, gololi bado imelala mfukoni. Unafunika, unabana kifuniko pamoja na pete, unafunua: kikombe kitupu. Unatoa gololi mfukoni na kumkabidhi aishike. Kisha unaacha! Usirudie mbele ya watu walewale, maana mara ya pili hawatatazama uso wako, watatazama vidole. Na wewe mwenyewe tazama pale unapotaka wao watazame. Ukitazama mfuko, nao watatazama mfuko.

Asiye na kikombe asilie. Chukua mpira wa kufungia noti, uvishe kwenye kidole cha shahada na cha kati, ushuke hadi chini. Kiganja kikutazame wewe, mgongo wa mkono uwatazame watu. Kwa mkono wa pili vuta mpira kuelekea kwako, kunja vidole vyote vinne ili ncha zote ziingie ndani ya mpira, uachie. Watu wanaona mpira umefunga vidole viwili tu. Sasa nyoosha vidole ghafla. Mpira unaruka wenyewe na kuhamia kwenye kidole cha pete na kidole kidogo. Jaribu mara kumi, ya kumi na moja itakubali.

Wazazi, jioni moja baada ya uji, waacheni watoto wawachezee. Washangilieni. Mtoto aliyezoea kubeba kuni na maji akisimama mbele ya watu wazima nao wakamtazama kwa kicho, mgongo wake unanyooka. Halafu, wageni wakishaondoka, mkae naye chini na mmuulize swali moja: "Kama wewe mdogo hivi umetudanganya macho, mtu mzima mwenye haja na pesa zetu atafanya nini?" Mwacheni ajibu mwenyewe.

Mwezi ujao tutazungumzia bustani za magunia na namna ya kuzimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Mwenye swali au fundisho aliandike na kulitia kwenye sanduku letu la barua. Mkae salama, na gololi zenu zisipotee.