Goli la Pretoria, boti ya Unguja na sufuria la kaimati

Ukitaka kuijua Dar es Salaam usipoteze nauli kwenda makumbusho. Nenda kijiwe cha kahawa pale Kariakoo baada ya magharibi, kaa kwenye benchi kama mtu mwenye adabu zake, halafu sema taratibu tu: "Lile la Aziz Ki halikuwa goli." Kisha shika kikombe chako vizuri.

Mimi nilifanya kosa hilo Jumatano iliyopita. Nilikuwa natania tu, wallahi! Lakini fundi cherehani mmoja, mnazi wa Yanga wa kupindukia, alikuwa anapuliza kahawa yake. Akakiweka kikombe chini. "Rudia ulichosema."

Kwa wale waliokuwa shamba, nikumbushe. Aprili 5, 2024, robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, Yanga wako Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Hapa nyumbani walitoka 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia mkwaju, ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukatoka. Ulivuka mstari au haukuvuka? Refa akasubiri wenzake wa VAR waangalie, wakaangalia, wakasema hakuna goli. Mechi ikaisha 0-0 tena, wakaenda kwenye matuta, Yanga wakatolewa 3-2.

"Mashine wanayo," alifoka fundi, "televisheni wanazo, dunia nzima imeona, wao tu ndio hawakuona! Hiyo ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote zilizowahi kuipata Dar es Salaam. Baada ya hapo hakuna nyingine."

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza, maana huwezi kumwambia mtu wa Msimbazi kuwa jirani yake ameumia kuliko yeye.

Kijana mmoja, kondakta wa daladala, akadakia. "Kaka, nyie mlinyimwa goli. Sisi tulinyimwa uwanja!" Alikuwa anasema fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 2025. Simba walikwenda Morocco wakafungwa 2-0 na RS Berkane. Sawa, mpira ndivyo ulivyo. Marudiano ilikuwa yapigwe Uwanja wa Mkapa, watu elfu 60, kelele mpaka Kigamboni. CAF wakasema nyasi hazifai. Mechi ikavushwa maji, ikapelekwa Amaan, Zanzibar, uwanja ambao hata ukijaza mpaka ngazini hauifikii theluthi ya ule wa Mkapa. Mei 25 Joshua Mutale akafunga mapema, watu wakaanza kupiga hesabu, halafu Yusuph Kagoma akalambwa kadi nyekundu. Steven Mukwala akatupia la pili, VAR wakasema kaotea. Mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha. Kwaheri kombe.

"Nyasi zenu wenyewe!" akacheka fundi. "Mmorocco ndiye aliyewamwagia mvua?"

Naomba niungame hapa, kwa kuwa ukurasa huu ni wangu. Usiku ule wa Pretoria nilikuwa nyumbani na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa Jangwani damu damu. Mpira ule ulipogonga mtambaa panya aliruka mpaka akagonga taa. VAR walipokataa, mimi nilicheka. Si kucheka kidogo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Shemeji akaenda kulala bila kula, na alikuwa mgeni wangu, kaja kwa ajili ya matibabu ya mama yake. Mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Mwaka uliofuata, usiku wa Amaan, simu yangu ikalia. Shemeji. Nikajua kaja na pole. Akaniuliza kwa upole mno, "Samahani shemeji, eti boti ya mwisho ya kutoka Unguja imeshaondoka?" Akakata. Tangu siku hiyo tunasalimiana kupitia kwa watoto.

Nadhani hilo ndilo watu wa miji mingine hawalijui kuhusu mji wetu. Refa akikuonea kwingine, mtaa mzima unalia pamoja. Dar ukionewa, nusu ya mtaa inalia na nusu inapika pilau. Unatoka nje asubuhi kununua maziwa, muuza duka anakuchekea kabla hajakupa chenji. Refa wa Mauritania utamsahau. Muuza duka utakutana naye kesho.

Basi, turudi kijiweni. Mzee mmoja wa Yanga, kanzu na kofia, alikuwa kimya muda wote anatafuna kashata. Akasema vijana hatujui lolote. Mwaka 1969, robo fainali ya Klabu Bingwa, Yanga walikutana na Asante Kotoko ya Ghana. Wakakabana mpaka mwisho, hakupatikana mbabe. Basi ikapigwa kura! Kura, kama mnagombea kiti cha mjumbe wa nyumba kumi. Yanga wakatolewa kwa kura. "Na matuta," mzee akainua kidole, "matuta yaliingia kwenye sheria za mpira mwaka 1970. Mwaka mmoja tu! Tungechelewa kuzaliwa kidogo tungepiga penalti."

Kondakta akadai hayo matuta ndiyo yaliyowaua Simba mwaka 1974. Nusu fainali, Mehalla ya Misri: 1-0 hapa, 1-0 kule, matuta, nje. Na Wydad 2023, hivyo hivyo, moja kwa moja halafu matuta kule Casablanca. Orlando Pirates 2022 vile vile. Kama kuna mtu amerogwa kwa matuta, alisema, ni Mnyama.

Ilipotajwa Pirates nikaona ni haki niseme neno. Nikawakumbusha kwamba Simba iliposhinda ile mechi ya kwanza hapa Dar kwa penalti, kocha mmoja wa Pirates alilalamika mbele ya kamera mpaka jasho likamtoka, kuanzia refa mpaka walivyopokelewa. Ina maana Soweto kuna kijiwe, kuna wazee, na sisi Waswahili wa pwani ndio majambazi wa hadithi yao. Kijiwe kizima kikanitazama kama niliyetapika. Simba na Yanga wakawa kitu kimoja kwa mara ya kwanza usiku ule. "Hao ni waongo," wakasema kwa pamoja.

Fundi akarudi na silaha nyingine: fainali ya Shirikisho 2023, USM Alger. Yanga walifungwa 2-1 hapa Mkapa Mei 28. Fiston Mayele alikuwa amesawazisha, uwanja ukalipuka, watu hawajamaliza hata kukumbatiana Waarabu wakapachika la pili. Marudiano kule Algiers Yanga wakashinda 1-0, penalti ya Djuma Shaban, na Djigui Diarra akapangua penalti ya wenyeji. Jumla 2-2. Kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini, sheria ambayo Ulaya waliifuta tangu 2021. Kushinda ugenini na bado ukarudi mikono mitupu! Hapo hata mimi, na ubaya wangu wote, nilikubali kwamba inauma. Lakini refa hakufanya kosa, sheria ilikuwepo, kila mtu aliijua. Sasa hiyo ni dhuluma au ni hesabu?

Muuza kahawa ndiye aliyekata ubishi huo. Ni Simba, lakini Simba wa kimya. Alisema nyote mnalia kwa sababu mna wa kumlaumu. Yeye Novemba 1993 alikuwa Uwanja wa Taifa, ule wa zamani, siku ya fainali ya Kombe la CAF. Simba walishatoa 0-0 Abidjan na Stella. Zilibaki dakika 90 tu, nyumbani. Wakafungwa 2-0. Refa hakuwa na kosa, VAR haijazaliwa, nyasi zilikuwa zetu. "Nilitembea kwa miguu mpaka Magomeni, nikatafuta njia nzima wa kumtukana. Sikumpata." Akammiminia mtu kahawa.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe kuna mama mmoja anauza kaimati pembeni ya kile kijiwe, ndoo yake ya plastiki na kitambaa cheupe juu. Siku za mechi huhamia kule uwanjani. Akasema, "Na mimi niseme?" Tukamwambia sema mama.

Mei 8, 2021, Simba na Yanga. Ilikuwa Ramadhani. Mechi ilikuwa saa 11 jioni, ghafla ikatangazwa ni saa 1 usiku. Yeye akafurahi! Watu watafuturia pale pale. Akaongeza unga, akakopa kwenye kikundi chao cha akina mama, akakaanga kaimati na chapati, akachemsha na uji wa pilipili manga. Yanga wakaja saa yao ya zamani, wakasubiri, wakaondoka. Simba wakaja saa yao mpya. Mechi ikaahirishwa. Watu wakatoka uwanjani wanatukana ukoo mzima.

"Si walikuwa na njaa?" aliuliza kondakta.

"Mwanangu, mtu mwenye hasira hanunui kaimati."

Alilipa deni lile mpaka Idi Kubwa. Kisha Machi 8, 2025, Ramadhani tena, Simba na Yanga tena, saa 1 na robo usiku. Akajisemea haiwezi kutokea mara mbili. Akakopa. Simba wakasema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, mechi ikaahirishwa siku hiyo hiyo. Kuna watu walishashuka kwenye mabasi ya mikoani na jezi mwilini. Sufuria lake lilikuwa limeshajaa. Akagawa kwa majirani, zilizobaki zikachacha. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, lakini siku hiyo yeye alikuwa hana mtaji wa unga.

Kijiwe kikanyamaza. Fundi akakohoa. Muuza kahawa akampelekea kikombe, akakataa hela yake. Mzee wa kanzu akasema pole sana mwanangu.

Ukimya ule ulidumu labda nusu dakika, kwa sababu kondakta alisema taratibu, "Lakini Machi waliokosa si ni Yanga? Kwa nini walizuia watu kufanya mazoezi?" Fundi akasimama. "Yanga? Yanga tulikwenda uwanjani siku ile, nyie mlikuwa wapi?" Mama akafunika ndoo yake.

Nilipoondoka saa 4 walikuwa bado wamekunjiana mashati. Kaimati zilibaki kumi na mbili. Nikazinunua zote, nikaomba zifungwe kwenye gazeti, nikapanda daladala ya kwenda kwa shemeji.