Chungu Kibichi

Juma lililopita tuliwaonyesha watoto filamu ya katuni ya "The Lord of the Rings" ya mwaka 1978, kazi ya Ralph Bakshi. Walishangilia, wakadhani hadithi imekwisha. Kosa letu, hatukuwaeleza. Filamu inakoma katikati ya safari. Katika riwaya ya Tolkien, Mkatoliki mwenzetu, Frodo anashindwa mwishoni kuitupa pete motoni. Inateketea kwa kuwa Gollum, aliyehurumiwa zamani, angali hai. Anainyakua na kutumbukia nayo. Hicho ndicho kiini, nacho hakimo. Kufupisha riwaya hatukatai. Lakini wafinyanzi wetu wa Ikombe hawapakii mtumbwini chungu kibichi kwenda kukiuza Matema. Jumapili, baada ya Misa, tutawasimulia watoto sura zilizobaki.