Gia za Pikapu ya Wilaya

Idara au halmashauri ipatapo fungu la kununua pikapu mpya ya kwendea vijijini, hubishaniwa mambo mengi: idadi ya milango, rangi, kiyoyozi, hata redio. Liko jambo moja ambalo hupitishwa upesi kana kwamba halina uzito, nalo ni kama gari hilo liwe la gia za mkono au la otomatiki. Huandikwa neno moja tu katika orodha ya mahitaji, na aghalabu mwandikaji ni mtu ambaye hataushika usukani wa gari hilo hata siku moja. Dereva atakayeliendesha, na fundi atakayelala chini yake, hawaulizwi.

Walakini neno hilo moja ndilo litakaloamua mengi. Miaka sita au saba baadaye, ama gari litakuwa bado linapeleka karatasi za mtihani na chanjo mahali ambapo basi halifiki, ama litakuwa limepandishwa juu ya mawe nyuma ya boma, nyasi zikiota kati ya magurudumu. Na mkuu wa shule iliyo mwisho wa barabara hatajali sana gari liliharibika nini. Atajua tu kwamba halikuja.

Zamani hapakuwa na la kuchagua. Land Rover za miaka iliyofuata uhuru zilikuwa za gia za mkono, na Toyota Land Cruiser za mtindo wa 70, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1984 na hatimaye kuenea wilayani, zilishika njia hiyohiyo. Dereva wa serikali alijulikana kwa jinsi alivyobadili gia. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2023 Toyota iliufanyia mtindo huo wa 70 mabadiliko makubwa, ikaupa injini ya dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita. Gari hilo liliporudishwa katika soko la Japani mwaka huohuo, liliuzwa la otomatiki peke yake. Hilux na Ranger zimekuwa zikitolewa kwa namna zote mbili kwa muda mrefu. Isitoshe, kijana anayeajiriwa siku hizi, akijinunulia gari, hununua gari dogo lililotumika Japani, nalo karibu kila mara ni la otomatiki. Wengi hawajakanyaga klachi tangu walipotoka chuo cha udereva.

Katika hali hiyo si ajabu kusikia viongozi wakisema kwamba gia za mkono ni mambo ya kale. Na si ajabu vilevile kuwasikia madereva wazee wakijibu kwa ukali. Ubaya ni kwamba majibu yao mengi hayana nguvu, na hoja dhaifu huiangusha hata kesi iliyo ya haki.

Husemwa, kwanza, kwamba gari la gia za mkono lina nguvu zaidi. Hilo si kweli tena. Hilux ya lita 2.8 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, injini yake ilipewa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 500 ikiwa imeunganishwa na otomatiki. Ilipounganishwa na gia za mkono, injini ileile iliwekewa kikomo cha 420. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyepunguza. Husemwa, pili, kwamba otomatiki hula mafuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa otomatiki za zamani zenye gia tatu au nne, ambazo nguvu nyingi ya injini ilipotea kwa kukoroga oili bure. Za leo zina gia sita au zaidi, tena gari likishachanganya mwendo chombo chake cha kupokeza nguvu hujifunga, kikazunguka pamoja na injini bila kupoteza kitu. Tofauti iliyobaki ni ndogo, na mara nyingi huamuliwa na mguu wa dereva kuliko sanduku la gia.

Haki inadai lisemwe zaidi ya hapo. Katika tope zito na mchanga, gari la otomatiki laweza kulishinda la gia za mkono. Nguvu ya injini hupitia kwanza ndani ya oili, kwa hiyo huyafikia magurudumu polepole, bila kishindo, na haikatiki gia inapobadilika. Aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa Bonde la Rukwa wakati wa mvua anajua maana ya nguvu kukatika hata kwa nusu sekunde: gari husimama, na likisimama limezama. Hapo ndipo dereva wa gia za mkono huanza kuichezesha klachi, nusu imeshika, nusu imeachia, mpaka harufu ya kuungua iingie ndani ya gari. Vilevile akivuka mto na kuikanyaga klachi katikati ya maji, maji hupata nafasi ya kuingia kwenye sahani yake, ikaanza kuteleza. Mwenzake wa otomatiki hana klachi ya kukanyaga. Na wapo watu wenye ulemavu wa mguu wa kushoto ambao bila otomatiki kazi ya udereva ingefungwa kwao kabisa. (Wapo pia wakubwa ambao mguu wao wa kushoto ni mzima, lakini huchoka ifikapo Ijumaa jioni, gari la kazi linapogeuka kuwa la nyumbani. Hao hawahitaji kutetewa.)

Kwa hiyo hoja ya kweli ya gia za mkono haimo katika nguvu wala mafuta. Imo katika siku ile ambayo gari litaharibika.

Klachi haifi kimya. Kabla ya kufa hunuka, huteleza, injini hulia na mwendo usiongezeke, kikanyagio hubadilika chini ya mguu. Dereva mzoefu huwa na majuma, pengine miezi, ya kuomba kipuri. Na kipuri kikifika, kazi ya kukibadilisha inafanywa na fundi wa wilaya mwenye jeki, spana na vijana wawili wa kumsaidia kulishusha sanduku la gia. Imefanywa chini ya miembe maelfu ya mara. Otomatiki nayo hutoa dalili zake, lakini huzitoa kwa lugha nyingine. Oili yake nyekundu hugeuka rangi na kunuka. Lakini magari mengi ya siku hizi hayana hata kijiti cha kuipimia. Ili kuipima, gari huinuliwa likae sawasawa, joto la oili lijulikane, kisha kizibo kifunguliwe kwa utaratibu maalumu. Hitilafu husomwa kwa kompyuta. Ndani mna vali ndogondogo na sahani nyembamba zisizovumilia chembe ya vumbi. Ni wapi vumbi halipo katika gereji ya wilayani? Aghalabu mwisho wa yote ni kuagiza sanduku zima jipya, na hapo faili husafiri kutoka meza hadi meza ilhali gari limelala.

Yafikiriwe pia maji, maana hayo ndiyo adui wa kila mwaka. Maji yakiingia katika sanduku la gia za mkono, fundi huimwaga oili, huosha, hujaza mpya, na gari likawahiwa mapema hurudi kazini. Yakiingia katika otomatiki, huilegeza gundi inayoshikilia nyuso za sahani zake, na kumwaga oili peke yake mara nyingi hakutoshi tena. Mto uleule, dakika zilezile, hasara mbili zisizolingana hata kidogo.

Liko na la betri. Gari la gia za mkono likikataa kuwaka, wanakijiji sita hulisukuma na kuondoka nalo. La otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Hata kulivuta kwahitaji uangalifu, kwa sababu injini ikizimika pampu ya oili nayo husimama, na magurudumu yakiendelea kulizungusha sanduku lililo kavu hulisaga. Karakana za TEMESA ziko makao makuu ya mikoa, na hapo huenda kompyuta na mafundi wake wakapatikana. Lakini Liwale si Lindi mjini, na njia iliyo kati yao wakati wa masika si njia ya kulivutia gari.

Wapinzani wana jibu moja zito, nalo halifai kupuuzwa. Wanasema: gia za mkono zinamtaka dereva anayezijua, na madereva hao wanapungua. Ni kweli. Wapo wanaopumzisha mguu juu ya klachi safari nzima, wakailaumu barabara sahani inapoisha. Wapo wanaotoa gia mtelemkoni ili waokoe mafuta, gari likabaki kushikwa na breki peke yake. Na mlima Kitonga umewafundisha wengi, kwa bei kubwa, kwamba breki zikishapata moto hazishiki. Gari la gia za mkono mikononi mwa dereva wa namna hiyo halina faida yoyote iliyotajwa hapo juu. Ila dawa ya kutojua ni kufundishwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vyuo vya VETA vinafundisha udereva. Kumpeleka dereva mafunzoni kabla gari halijafika ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei ya sanduku moja la otomatiki.

Wala haitakiwi amri moja kwa magari yote. Pikapu itakayokaa Dar es Salaam, ikisota katika foleni za Barabara ya Mandela asubuhi na jioni, ina kila sababu ya kuwa ya otomatiki. Huko klachi huteketea bila tope wala mlima, na karakana zimejaa kila pembe. Kosa ni kulichukua neno lililofaa huko na kulinakili katika orodha ya wilaya, kwa kuwa tu orodha zote huchapwa katika ofisi moja. Gari la wilaya, madhali za gia za mkono bado zinauzwa, liwe la gia za mkono.

Siku yaweza kuja ambapo hazitauzwa, na watengenezaji hawafichi wanakoelekea. Siku hiyo neno "otomatiki" lisiandikwe peke yake. Liandamane na oili yake halisi katika stoo ya mkoa, na kompyuta ya kusomea hitilafu. Awepo fundi aliyefundishwa na muuzaji kwa gharama za muuzaji, na mirija ya kupumulia ya sanduku la gia ipandishwe juu kabla gari halijagusa mto wa kwanza. Hayo yote yaingizwe katika mkataba wa ununuzi, yasiachwe yaombwe baadaye kwa barua. Dereva wa Liwale anaweza kuyataja kwa dakika tano, na pengine akaongeza mawili matatu ambayo ofisi haikuyafikiria, mradi aulizwe kabla orodha haijagongwa muhuri.