Usimwite mwanao mjinga

Mzazi wa Shume, mwanao kashindwa Kiingereza, unasema hana akili, bora akapalilie viazi. Subiri kwanza! Nyumbani anasema Kisambaa. Shule ya msingi, miaka 7, Kiswahili. Kufika kidato cha kwanza, Baiolojia yote Kiingereza! Basi anakopi ubaoni asichokielewa. Na sisi walimu wa madrasa tusijitoe: mtoto kahifadhi Juzuu Amma, muulize maana, kimya.

Wewe unayesema hiyo lugha ya makafiri, Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza.

Leo baada ya Isha mwambie alete daftari, akueleze somo moja kwa Kisambaa. Akikwama, usimcheke.