Githeri Haina Kosa, Kesi Iko Motoni

Mjadala wa chakula na misitu ukiletwa kwetu, aghalabu huja na ng'ombe wa Brazil. Tunaambiwa tupunguze nyama ili Amazon ipone. Ng'ombe wa hapa kwetu Yamumbi, aliyefungwa nyuma ya nyumba akitafuna matete na mabua ya mahindi, hana la kujibu huko. Kesi yetu iko jikoni.

Chukua githeri. Mahindi ni ya hapa hapa Uasin Gishu, maharagwe pengine yameota katikati ya mistari ya mahindi yayo hayo. Lakini yakitiwa sufuriani makavu, bila kulowekwa, huchemka saa tatu na zaidi, na mpishi huongeza makaa mara kwa mara akibonyeza punje kwa vidole kuona kama imelainika. Makaa hayo yalikuwa miti, na tanuri la udongo la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni kabla gunia halijafika sokoni. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, makaa yalipanda bei. Watu hawakuacha kula.

Wapo watakaosema basi tule chipsi, zinaiva kwa dakika chache. Sawa, ila chipsi zinataka mafuta, na Kenya huagiza mawese kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia, ambako michikichi imemeza misitu ya Borneo na Sumatra. Si mbali huko tu: kisiwani Bugala, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, msitu umefyekwa kupisha michikichi.

Hata chai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zinazoangamiza misitu inataja kahawa, kakao, ng'ombe, soya, mawese, mpira na mbao. Chai haimo, ilhali viwanda vyetu vya chai hukausha majani kwa moto wa magogo ya mikaratusi. Orodha ya Ulaya haikuandikwa kwa ajili ya jiko letu.

Msimamo wa toleo hili, basi, ni kwamba chakula kipimwe kwa shamba lake na kwa moto wake pia. Hatumlaumu anayenunua makaa kwa mkebe; mtungi wa gesi unataka pesa za mkupuo, naye ana za leo tu. Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo 2032, na ni vyema. Lakini yule mama wa kibanda anayechemsha githeri ya mtaa mzima katika sufuria moja, kwa moto mmoja, anaokoa miti kila siku, na sijamsikia akitajwa katika hotuba yoyote ya upanzi. Apewe jiko bora kabla ya sisi wengine kupewa miche.

Nawe msomaji, loweka maharagwe usiku wa leo, funika sufuria kesho, kisha utuandikie umetumia mikebe mingapi ya makaa.