Usiku Nao Una Wenyewe: Leseni za Wauza Vyakula na Usalama wa Miji Yetu

Jua linapozama Mombasa, mji haulali, hupokezana zamu. Wenye maduka huteremsha milango yao, na pale pale barazani, mama aliyekuwa akingoja kivuli kirefuke huinjika karai. Punde mafuta huanza kulia, na harufu ya viazi karai, bajia na mihogo ya kukaanga huenea uchochoroni. Hatua chache kutoka hapo, muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Jijini Nairobi, kando ya vituo vya matatu, makaa huwashwa chini ya mutura na mayai ya kuchemsha hupasuliwa yakatiwa kachumbari. Wanunuzi ni walinzi wanaoingia zamu, wauguzi wanaotoka zamu, makuli wa bandarini, utingo, waendesha bodaboda, na mwanafunzi wa chuo aliyekawia maktabani hadi mkahawa wa chuo ukafungwa.

Hawa ndio wenyewe wa usiku. Hata hivyo, mfumo wa leseni katika miji ya Kenya huwatazama kama wageni waliopotea njia. Kibali cha kawaida cha biashara huulizia jengo, nambari ya ploti na anwani. Karai halina ploti. Matokeo yake ni kwamba mtu anayelisha nusu ya wafanyakazi wa mji huishi katika hali ya kuvumiliwa tu, akikimbia anapoona gari la askari wa kaunti, ambao wakazi hawajaacha kuwaita kanjo. Makala haya yanashikilia kwamba biashara ya chakula cha usiku inastahili leseni yake mahususi, na kwamba leseni hiyo haina budi kuwa mkataba unaoifunga serikali ya kaunti sawasawa na unavyomfunga mchuuzi.

Yafaa kuanza na lugha, kwa kuwa ndimo dharau inamoanzia. Katika hesabu ya Waswahili, siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, na saa moja ya kwanza ya siku ni saa moja ya usiku. Usiku, basi, ni mlango wa siku. Lakini katika maandishi yetu ya kisasa usiku umekuwa pango la maovu. Riwaya za mjini zimeujaza majambazi, makahaba na walevi, na jina la riwaya ya Ben Mtobwa, Dar es Salaam Usiku, latosha kumwandaa msomaji kwa hatari kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ni nadra kumkuta katika fasihi hiyo mama anayeuza viazi saa nne usiku ili alipe karo. Wasimamizi wa miji nao wana msamiati wao: huzungumzia "msako" na "kusafisha jiji." Kinachosafishwa ni taka. Anayewekwa katika sentensi hiyo kama shamirisho amekwisha kuhukumiwa kabla ya kufikishwa mahakamani.

Mtazamo huu una mizizi mirefu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kafyu ikawa chombo cha kuwatawala Waafrika, na kuonekana nje baada ya saa fulani kukawa ushahidi wa nia mbaya. Zaidi ya nusu karne baadaye, Kenya ilirudia kafyu kwa sababu tofauti kabisa. Kafyu ya kuzuia maambukizi ya Korona ilianza tarehe 27 Machi 2020 na haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Haja ya kuwakinga watu na ugonjwa ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, jioni ile ya kwanza, abiria waliokuwa wakingoja feri ya Likoni walipigwa na kutupiwa vitoa machozi kabla saa ya kafyu haijawadia. Kwa takribani miezi 19, saa za kafyu zikibadilishwa mara kwa mara, muuza chakula cha usiku hakuwa na usiku wa kuuzia. Mwenye duka alipoteza sehemu ya siku yake, ilhali mwenye karai alipoteza siku nzima.

Je, sheria yenyewe yasemaje? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi kuliko inavyodhaniwa. Limeipa kaunti mamlaka juu ya masoko na leseni za biashara. Limeipa udhibiti wa shughuli zinazouzia umma chakula, chini ya huduma za afya. Limeipa leseni za vileo, udhibiti wa kelele, uzoaji wa taka, huduma za zimamoto na taa za barabarani. Mambo yote anayohitaji mchuuzi wa usiku, na yote anayolaumiwa kwayo, yamo katika mkono mmoja, isipokuwa polisi walio chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inayomlaumu mchuuzi kwa giza ndiyo yenye swichi ya taa. Kaunti inayomlaumu kwa uchafu ndiyo yenye gari la taka.

Isitoshe, Kifungu cha 209 kinaziruhusu serikali kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Neno "huduma" hapo lina uzito wake. Mchuuzi anapolipa ushuru mchana, walau huweza kuuonyesha ukuta wa soko, choo au bomba. Anapolipa usiku, mara nyingi mkononi mwa mtu asiyetoa risiti, amenunua nini? Amenunua kutofukuzwa usiku ule mmoja tu. Malipo ya namna hiyo hayaingii katika hazina ya umma, wala hayamlindi mlaji. Kifungu cha 46 kimempa mlaji haki ya bidhaa salama, na Kifungu cha 47 kimempa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Karai linalomwagwa mtaroni bila hati hukiuka haki zote mbili kwa pigo moja.

Hoja ya usafi ndiyo nzito zaidi miongoni mwa hoja za wanaopinga, na haifai kupuuzwa. Chakula kilichopikwa kikiachwa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili huwa malisho ya bakteria. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula cha moto kiwekwe katika joto linalozidi nyuzi 60. Kachumbari iliyokatwa alasiri ikaliwa saa tano usiku, maji ya ndoo moja yanayosuuza sahani za watu 50, mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi: haya ni madhara ya kweli, na giza huyaficha. Lakini yatazamwe kwa uadilifu. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka 2017, miongoni mwa walioambukizwa walikuwa wageni wa mikutano katika hoteli ya kifahari. Vimelea haviulizi anwani. Sheria tayari zinamtaka kila anayeshika chakula cha umma apimwe afya yake na kupata cheti. Swali ni iwapo mchuuzi wa usiku anaweza kukipata bila kupoteza siku kadhaa akizunguka kati ya ofisi, na iwapo kuna yeyote atakayemkagua kazini. Afisa wa afya anayefanya kazi saa za ofisi hukagua lami tupu. Karai na mwenyewe hawajafika. Asiye na leseni hakaguliki, kwani amwonapo mkaguzi hukimbia. Kumnyima leseni kwa ajili ya afya ya umma, basi, ni kuivunja ile afya inayodaiwa kulindwa.

Hoja ya pili ni ya usalama. Husemwa kwamba vibanda vya usiku huvutia wezi na walevi. Hapa pia pana chembe ya ukweli. Tangu sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge John Mututho, baa za kawaida zinatakiwa kufungwa saa tano usiku. Maana yake ni kwamba walevi humwagika barabarani kwa wakati mmoja, wakiwa na njaa, na mahali pa kwanza wanapokwenda ni penye moshi wa nyama. Mchuuzi hapo ndiye anayekabili matusi, deni lisilolipwa na ngumi. Hata hivyo, ni nani asiyejua kwamba barabara yenye karai moja linalowaka ni salama kuliko barabara tupu? Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, nguzo ndefu za taa zilipewa na wakazi jina la "mulika mwizi," jina linaloonyesha kwamba wakazi wenyewe walitambua thamani ya mwanga mapema. Mchuuzi ni taa yenye macho na sauti. Anamjua mlinzi wa jengo la pili, anaijua pikipiki ngeni, na msichana anayehisi kufuatwa hujua kwamba akifika penye karai atasimama aombe chai. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki jambo. Anayewafukuza wauzaji huwaachia uwanja wapiga ngeta.

Wapo pia wenye maduka na mikahawa wanaolalamika, na lalama yao ina haki ndani yake: wao hulipa kodi ya nyumba na ada za mwaka, kisha mwenzao huweka meza mlangoni pao bila kulipa chochote. Dawa ya malalamiko hayo ni leseni. Mchuuzi mwenye kibali hulipa, huwa na mahali pake palipopimwa, huanza saa iliyoandikwa na kuondoka saa iliyoandikwa, akiacha pamefagiliwa. Vivyo hivyo kwa mkazi ambaye mtoto wake hawezi kulala kwa kelele. Mwenye leseni ana cha kupoteza, kwa hiyo husikia. Asiye na leseni hana cha kupoteza isipokuwa karai.

Mifano ya kuigwa haiko mbali. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wauza mishkaki, pweza na maji ya miwa walitengewa sehemu yao katika bustani yenye taa na mitaro, na leo mgeni wa Zanzibar haondoki bila kupita pale usiku. Nchini India, sheria ya wachuuzi ya 2014 inaagiza kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambamo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40, na thuluthi ya hao wawe wanawake. Uingereza, kwa sheria yake ya leseni ya 2003, humtaka anayeuza chakula au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri awe na leseni maalumu, yenye malengo manne: kuzuia uhalifu, kulinda usalama wa umma, kuzuia kero na kuwakinga watoto. Haifai kunakili sheria ya London ikapachikwa Majengo au Githurai. Linalofaa kuchukuliwa ni wazo kwamba saa za usiku zina mahitaji yake na zastahili kanuni zake.

Kutokana na hayo, kaunti zingeweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji mabilioni. Kwanza, kibali kimoja cha usiku kitolewe katika dirisha moja, kikiunganisha afya, moto na biashara, na kitaje mtu, mahali na saa badala ya jengo. Pili, ada ilipwe kwa simu na risiti ibaki kwenye simu, ili pasiwe na fedha taslimu za kupokonywa wala za kuhongwa. Tatu, kibali chenyewe kiorodheshe wajibu wa kaunti: taa inayowaka, bomba, choo kilicho wazi hadi saa ya kufunga, na gari la taka kabla ya alfajiri. Nne, wakaguzi wa afya wawe na zamu ya usiku. Tano, bidhaa zisichukuliwe bila hati inayoeleza sababu na mahali pa kukata rufani. Mombasa ingeweza kulijaribu hili katika mwezi wa Ramadhani, ambapo mji huwa macho hadi daku na wauzaji wa vyakula hujaa mitaani kuliko wakati mwingine wowote. Jaribio la siku 30 lingefundisha mengi kuliko semina za miaka mitatu.

Katika kazi hii wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Hata hivyo, sheria za kaunti na fomu za leseni huandikwa kwa Kiingereza, na anayetakiwa kuzitii ni mama ambaye biashara yake yote, kuanzia kupatana bei hadi kumtuliza mlevi, huendeshwa kwa Kiswahili. Atavunjaje au atatiije asichokisoma? Idara zinazofundisha tafsiri zina wanafunzi wanaotafuta matini za kufanyia mazoezi. Matini ndizo hizo. Kibali cha ukurasa mmoja kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, kikabandikwa kwenye mkokoteni, kingemwezesha mchuuzi kumwonyesha askari kwa kidole mstari unaomlinda.

Usiku wa leo karai litainjikwa tena, pawe na leseni au pasiwe na leseni. Mlinzi atakula kabla ya kuingia zamu, na muuguzi atanunua mayai mawili akielekea stejini. Kilichobaki kwa wenye mamlaka ni kuamua kama mama yule atakaanga akitazama mafuta yake, au akitazama barabara kuona gari linatokea wapi.